Nimekonda ili niishi, mama anadhani ninakufa

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 47, ni mhasibu, ninaishi Dar es Salaam na mke wangu na watoto wetu watatu. Kwetu ni Tanga. Ninaandika usiku kwa sababu usingizi siku hizi sina, na jambo lenyewe kila nikimgusia mtu wa karibu tunaishia kugombana.

Baba yangu alifariki akiwa na miaka 52. Tulikuwa harusini, upande wa wanaume, tumezunguka sinia la biriani. Akanyanyua tonge, likamponyoka, uso ukavutika upande mmoja. Siku ya tatu tukamzika. Mimi nilikuwa na miaka 22, na tangu siku hiyo biriani sijaila.

Mwaka juzi mwenzangu wa kazini, tuliyelingana umri, naye akaanguka kwa kiharusi. Hapo nikaanza kusoma. Nikasoma kwamba panya waliopunguziwa chakula waliishi zaidi kuliko wenzao waliokula mpaka wakashiba. Nikasoma habari za wazee wa Okinawa, kule Japani, wanaonyanyuka kabla hawajashiba na kufikisha miaka mia. Nikasema basi, njia ipo.

Wakati huo nilikuwa na kilo 71, urefu wangu ni sentimita 174. Nikanunua mizani ya jikoni, nikaweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, nikajipangia 1,300 kwa siku. Huu ni mwezi wa 14 sijavuka. Asubuhi chai ya rangi bila sukari na yai moja la kuchemsha. Mchana tango, nyanya na kipande cha samaki. Jioni ugali gramu 120 na mchicha usiotiwa mafuta. Sasa nina kilo 55.

Mke wangu anapika vyungu viwili, cha kwao na changu. Juzi aliniuliza, "Hivi wewe bado unaishi humu ndani?" Mambo ya chumbani nayo yamekwisha, simlaumu, mimi ndiye sina hamu. Binti yetu wa miaka 13 siku hizi ananiuliza chapati moja ina kalori ngapi, nami nafurahi kwamba anajifunza mapema.

Sikukuu ya Idi tulikwenda Tanga. Mama amepika wali wa nazi, tasi wa kupaka, mahamri, kila nilichokuwa nakipenda. Nikatoa mizani kwenye begi. Mama akatazama tu, hakusema. Usiku akaja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaninong'oneza: "Mwanangu, kama umepima wakakuambia neno, mimi ni mama yako. Niambie." Nikamwambia nimepima, sina ugonjwa wowote. Hakuniamini. Na mtaani wameshasema yote.

Shangazi, ninaona baridi hata kwa joto hili la Dar. Nikisimama ghafla kichwa kinazunguka. Saa saba za usiku ninatazama video za watu wanaopika pilau na vitumbua, na zinanipa raha kuliko mpira. Lakini nataka kuwaona wajukuu wangu, kwa sababu baba hakuwaona. Nisikilize tumbo au nisikilize utafiti? Na mama nimwambie nini?

Mtoto wa marehemu, Dar es Salaam

---

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa msiba wa baba. Miaka 25 si mingi kwa kijana aliyeona tonge likimponyoka mzazi wake.

Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi, na kiharusi nimekiona wodini mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kwa hiyo niruhusu nianze na kitu ambacho hukukiandika. Barua yako imejaa namba: kilo, sentimita, gramu za ugali, kalori, miezi. Namba moja nimeitafuta juu mpaka chini nisiione, nayo ni presha yako. Mtu anayekimbia kiharusi, namba ya kwanza kuijua ni hiyo. Presha ndiyo inayosukuma watu wengi zaidi kwenye kiharusi kuliko sababu nyingine yoyote, na haina kelele. Haiumi wala haiwashi. Inachosha mishipa mwaka baada ya mwaka, mpaka siku mshipa mmoja unaziba au unapasuka. Siku hiyo ikimkuta mtu yuko kwenye sinia, chakula ndicho kinachobeba lawama.

Muulize mama, kwa utaratibu, kama baba aliwahi kuambiwa ana presha. Muulize kama kulikuwa na vidonge alivyoviacha alipojiona mzima. Nimewasikia wajane wengi wakinisimulia habari hiyo, kila mmoja akidhani ni ya nyumba yake peke yake. Sidai kwamba baba yako alikuwa hivyo. Nasema tu kwamba umekaa robo karne unaiogopa biriani, na sioni popote kwamba ulishauliza.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, kapime. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa, na dawa zipo. Isipofika, pima tena kila baada ya miezi michache, kwa sababu ya historia ya baba. Angalia na chumvi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Programu yako ya simu itakusifia ukila ng'onda, maana kalori zake ni chache. Chumvi iliyomo haikuambii.

Sasa tuje kwenye utafiti, kwa sababu umeniuliza kwa heshima, na wewe ni mtu wa hesabu. Sitakuambia kwamba ulichosoma ni uongo.

Panya ni kweli. Mwaka 1935, Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula huku wakipewa vitamini na madini ya kutosha waliishi muda mrefu zaidi. Jambo hilo limerudiwa mara nyingi. Lakini panya wa maabara halipi ada, hapandi daladala, na maisha yake ni miaka miwili mitatu. Kwa hiyo wanasayansi wakaenda kwa kima, walio karibu zaidi na sisi. Makundi mawili Marekani yalianza kazi hiyo miaka ya themanini: Taasisi ya Taifa ya Uzee mwaka 1987, na Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1989. Mwaka 2009 wa Wisconsin wakatangaza kwamba kima waliopunguziwa chakula walikuwa wakifa kwa magonjwa ya uzee kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2012 wale wa Taasisi wakatangaza kwamba wao hawakuona maisha yakirefuka.

Tofauti ilitoka wapi? Hapo ndipo nataka utulie nami. Kima wa Wisconsin walilishwa chakula chenye sukari nyingi, zaidi ya robo ya chakula chenyewe, na wale wa kulinganishwa waliachwa wale watakavyo. Kima wa Taasisi walipewa chakula cha nafaka na vitu vya asili zaidi, chenye sukari kidogo sana, na hata wale wa kulinganishwa walipimiwa ili wasivimbiwe. Mwaka 2017 makundi yote mawili yakaandika pamoja. Yakakubali kwamba kupunguza chakula kunawafaa kima wakubwa kiafya, ila aina ya chakula, umri wa kuanza, na ulaji wa yule unayemlinganisha naye hubadilisha jibu. Mimi nalisoma hivi: anayekula sukari mpaka anahema, akipunguza anapata faida kubwa. Anayekula kwa kiasi tangu zamani, njaa ya ziada haimwongezei mengi. Na wewe, mwanangu, kwa kilo 71 na urefu wako huo, hukuwa mnene. Ulikuwa sawasawa kabisa.

Kuna na watu pia. Huko huko Marekani walichukuliwa watu 218 wa kati ya miaka 21 na 50, wasio na unene wa kupindukia, na karibu theluthi mbili yao wakaombwa wapunguze robo ya chakula chao kwa miaka miwili. Walikuwa na madaktari, washauri wa lishe na vidonge vya vitamini. Pamoja na msaada wote huo, kwa wastani waliweza kupunguza kama asilimia 12 tu. Na hiyo asilimia 12 ilitosha kushusha presha na lehemu kwenye damu. Uchunguzi wa damu yao uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kasi ya kuzeeka imepungua kwa asilimia 2 hadi 3. Kama zamani ulikuwa unakula kalori 2,300, asilimia 12 yake ni kama 280. Hiyo haifiki mbali na chapati moja kubwa ya mafuta. Wewe umekata elfu moja nzima. Na hata wale waliokata kidogo, mifupa yao ya nyonga na uti wa mgongo ilipungua uzito. Mzee akianguka bafuni, nyonga ndiyo inayovunjika, na nimeuguza wazee wengi walioingia wodini kwa nyonga wasitoke.

Lakini kilichonifanya niandike jibu refu ni zile video zako za saa saba za usiku.

Mwezi Novemba 1944, vita vikiendelea, mwanasayansi mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys, aliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walijitolea kukaa na njaa ili ijulikane namna ya kuwarudisha kwenye chakula mamilioni walioachwa na njaa na vita. Kwa miezi sita walipewa kalori chini kidogo ya 1,600 kwa siku, na walipungua karibu robo ya uzito wao. Waliona baridi katikati ya kiangazi. Walipata kizunguzungu wakisimama. Wakawa wepesi wa hasira, hamu ya wanawake ikawaondoka. Na baadhi ya vijana hao, ambao kabla ya hapo hawakuwa na habari na jiko, walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani.

Umejiona? Wao walikula zaidi yako. Walifanya hivyo kwa miezi sita, wewe una 14. Umepoteza kilo 16 katika 71. Raha unayoipata kwenye video ya vitumbua ni mwili wako unaoomba chakula kwa mlango ulioachwa wazi, kwa kuwa milango mingine umeifunga. Kwa urefu wako, chini ya kilo 56 daktari yeyote atakuandika kwamba uko chini ya uzito unaofaa. Hapo hujirefushii maisha.

Nije kwa binti yako. Umemtaja kwa sentensi moja, ya furaha, nami nimeirudia mara nne. Mtoto wa kike wa miaka 13 yuko kwenye miaka ambayo mifupa atakayoitumia mpaka uzeeni inajengwa. Akianza kujinyima sasa, anaweza kukosa damu yake ya mwezi, anaweza kudumaa, na anaweza kuingia kwenye ugonjwa wa kukiogopa chakula ambao kumtoa ni kazi ya miaka. Yeye hajui habari za babu na kiharusi. Anachokiona ni baba anayempenda akiogopa chapati, naye anajifunza kuogopa. Futa hiyo programu mbele yake. Usimpe somo la lishe. Mwambie kwa maneno haya au ya kwako: "Baba alikuwa na hofu, akakosea." Halafu chukua chapati, ikate katikati, mpe nusu, ile nusu nyingine kula wewe, akuone. Na ukiona tayari anaacha chakula au anajificha wakati wa kula, usingoje, mpeleke kwa daktari.

Umetaja Okinawa. Mazoea yao ya kula yanaitwa hara hachi bu, tumbo lijae sehemu nane katika kumi. Sehemu nane, mwanangu! Na chakula chenyewe wazee wale walichokulia ni viazi vitamu hasa, na mboga, na soya. Tena hawakuwa peke yao na mizani. Wana vikundi vyao, moai, vilivyoanza kama upatu wetu huu wa kuchangiana fedha kwa zamu, na mtu hukaa na wenzake hao hao mpaka uzeeni. Wewe umechukua sehemu mbili walizoziacha, ukaacha zile nane walizokula pamoja.

Wala hukuhitaji kwenda mbali kote huko. Umelelewa Tanga, na chuoni ulifundishwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Mwanzo wake unasema mwanadamu vinamtosha vitonge vya kuusimamisha mgongo wake. Mgongo wako ukisimama ghafla, unayumba. Hivyo hujafika hata kwenye vitonge hivyo.

Nakumbuka namna wazee wetu wa pwani walivyokula kidogo bila kumvunja mtu moyo. Anaanza mapema, anamega tonge dogo, anakula kilicho mbele yake, anazungumza, mkono unarudi kwenye sinia polepole mpaka wengine washibe, na aliyepika hajui kwamba mzee kala nusu ya wenzake. Hakuna aliyemwona akijinyima. Kula kwa kiasi tulikuwa nako, na kulikuwa na adabu zake. Mizani juu ya jamvi la Idi ni jambo jingine. Mama yako alisikia ukimwambia kwamba mkono wake si wa kuaminiwa.

Na lile swali alilokuuliza usiku, usilione dogo. Mama wa umri wake anakumbuka UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata, jinsi watu walivyokuwa wakikonda, wakakonda, kisha nyumba ikawekwa maturubai. Kwa macho yake, mtoto anayekonda bila sababu yuko njiani. Alikuja kitandani kwako akiwa tayari kukuuguza na kukutunzia siri. Ninalia nikiandika hapa.

Basi fanya hivi. Ukishapima presha, muone daktari akuangalie na sukari, damu na tezi la shingo, ili tuwe na hakika kwamba kukonda huku ni kwa njaa tu. Ukipata mtaalamu wa lishe, vizuri zaidi. Chakula urudishe kwa hatua, kama kalori 200 za ziada kila wiki, na hiyo iwe hesabu ya mwisho utakayoifanya. Anza na asubuhi: yai liwe mawili, pamoja na muhogo au kiazi kitamu. Karanga za kutafuna kazini. Parachichi mchana. Maharage ya nazi, choroko, dagaa, na mchicha utiwe mafuta kidogo, maana kuna vitamini humo ambazo bila mafuta tumbo halizichukui vizuri. Soda na maandazi ya kila siku hata mimi sitakushawishi uvirudie. Anza na kubeba uzito kidogo, hata ndoo za maji, misuli irudi. Wiki za kwanza utaona njaa kubwa inayokutisha, utahisi hutaweza kuacha. Wale vijana wa Minnesota waliiona pia, kwa miezi. Usiirudie mizani kwa kuiogopa. Mpe mke wako hiyo mizani, na umwombe apike chungu kimoja.

Kwa mama, usiende na maelezo. Hatajali habari za kima wa Wisconsin. Chukua simu Jumatano, si Ijumaa, apate siku ya kujiandaa. Umwambie, "Mama, ninakuja, nina hamu na tasi wa kupaka." Kitaje kwa jina. Kisha nyamaza umsikilize atakavyoanza kuhesabu nazi za kukuna na nani atamtuma kwa wavuvi asubuhi. Ukifika, mwombe mkae kwenye sinia moja, wewe, yeye, mkeo na binti yako. Mkishakula, mikono bado haijakauka, ndipo umuulize ile habari ya presha ya baba.